Pandikizi la Taya Lisihukumiwe Mapema

Taya la chini likikatwa kwa sababu ya uvimbe, na pengo likajazwa mfupa uliotolewa nyongani, swali la kwanza la madaktari huwa moja: je, mfupa umeunga? Miezi ikipita, jeraha likakauka, usaha usionekane na picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeshikana na ncha zote mbili za taya, kazi huhesabiwa kuwa imefanikiwa. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Kuunga ni jambo moja, kubaki ni jambo jingine; na kwa mgonjwa wa Tunduma, mkoani Songwe, zaidi ya kilomita 900 kutoka hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, hilo la pili ndilo lisilo na mwenyewe.

Suala hili linatuhusu sana. Uvimbe uitwao ameloblastoma ndio unaoongoza kati ya uvimbe unaotokana na chembe zinazounda meno nchini Tanzania. Kwa kawaida hausambai mwilini kama saratani, lakini hula taya polepole, na dawa yake ya uhakika ni kuukata uvimbe pamoja na kipande cha mfupa kinachoonekana kizima. Mwaka 2006 Elison Simon na wenzake wa Muhimbili, wakishirikiana na madaktari wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya awali ya kujenga upya mataya yaliyokatwa kwa uvimbe wa namna hii. Kazi kama hiyo ni ya kujivunia. Ila wanaougua wengi ni vijana, kwa hiyo mfupa uliopandikizwa unatakiwa kudumu miaka 30 au 40, na picha ya mwezi wa sita baada ya upasuaji haiwezi kusema lolote kuhusu muda huo.

Mfupa wa nyonga unapohamishwa bila mishipa yake ya damu, seli za juujuu huweza kuishi kwa majimaji yanayouzunguka, lakini zile za ndani nyingi hufa. Kinachobaki ni kiunzi. Mishipa mipya huingia kutoka pembeni ikifuatana na seli zinazokula mfupa wa zamani na zile zinazojenga mpya. Ulaji ukiutangulia ujenzi, mfupa hupungua, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea mwaka wa kwanza. Baada ya hapo huja adui wa pili, ambaye ni ukosefu wa mzigo. Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kuwa mfupa hujipanga kulingana na nguvu zinazoupitia. Bamba la metali lililofungwa kwa skrubu ili kushikilia taya na pandikizi hubeba nguvu za kutafuna, na mfupa ulio chini yake, usio na jino hata moja, haufanyi kazi. Basi hukonda, taratibu, bila maumivu.

Wapo watakaosema jibu linajulikana: tumia mfupa mwembamba wa mguu, ulio kando ya muundi, pamoja na mishipa yake, kama David Hidalgo alivyoonyesha kwa taya mwaka 1989. Ushahidi unawaunga mkono kwa kiasi. Huko San Francisco, Pogrel na wenzake waliripoti mwaka 1997 kuwa mapandikizi yenye mishipa yalifanikiwa kwa asilimia 95, na yasiyo nayo kwa asilimia 76, na kwamba kadiri pengo lilivyokuwa refu ndivyo yale yasiyo na mishipa yalivyoshindwa zaidi. Lakini upasuaji huo unadai darubini, timu mbili, saa nyingi mezani na uangalizi wa karibu usiku na mchana. Pale ambapo hayo hayapo, mfupa wa nyonga kwa pengo fupi bado ni uamuzi wa busara. Kosa ni kuutumia kwa pengo refu, kisha kuuacha bila ufuatiliaji.

Wengine watasema basi mgonjwa apewe meno yaliyopandwa kwa skrubu ili mfupa upate mzigo. Uchunguzi mwingi unaonyesha kuwa mifupa yenye meno hayo hupungua kwa kiasi kidogo kuliko isiyo nayo. Hata hivyo, wanaopandiwa meno huwa ndio waliobaki na mfupa wa kutosha tangu mwanzo, hivyo ushahidi huo una upendeleo ndani yake. Meno bandia ya kuvaa na kuvua ni nafuu kwa mfuko, ila si mbadala: Antje Tallgren, aliyefuatilia wavaaji kwa miaka 25 na kuchapisha mwaka 1972, aliona taya la chini likizidi kupungua, karibu mara nne ya taya la juu. Na hao walikuwa na mifupa yao wenyewe, si ya kupandikizwa.

Kwa hiyo kinachowezekana leo mkoani Songwe ni kupima kimo cha mfupa uliopandikizwa. Picha ya eksirei ya taya hukuza vitu, na ukuzaji hubadilika mgonjwa akisogea kidogo, hivyo kulinganisha picha mbili kwa macho hudanganya. Lakini skrubu za bamba zina urefu unaojulikana. Ukiandikwa kwenye karatasi ya ruhusa, ndio rula. Picha haitaonyesha unene wa mfupa, ila kimo kitaonekana, na kimo kikishuka bamba huelekea kuchoka na kukatika. Picha hiyohiyo hutafuta ameloblastoma iliyorudi, ambayo huweza kujitokeza hata baada ya miaka 10. Anayesema mgonjwa anakula vizuri, ya nini kumsumbua, ajibiwe kwa hilo.

Mgonjwa wa Tunduma asilazimike kupanda basi hadi Dar es Salaam kwa picha moja. Hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Vwawa, au ile ya kanda jijini Mbeya, iandikwe kwenye rufaa ya kurudi kuwa ndiyo itakayompiga picha kila mwaka kwa miaka 5 ya kwanza, na kwa vipindi virefu zaidi baadaye. Nawe uliyewekewa mfupa tayani, omba nakala ya picha yako ya kwanza na urefu wa skrubu zako kabla ya kutoka wodini, na uvitunze pamoja na cheti chako cha kliniki.