Ramani Isiyo na Kaskazini



Safari hii sina kitabu cha kuhakiki. Mezani pangu ipo karatasi moja kubwa iliyochorwa Dar es Salaam na kulipiwa fedha taslimu: ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, itakayojengwa Ifakara katika bonde la Kilombero. Mwenyewe ni mpwa wangu, aliyekwenda huko kulima mpunga, akaoa, akabaki. Kaniletea akisema, "Mjomba, itazame kabla fundi hajachimba msingi." Nimeitazama siku tatu. Naona si vibaya kuihakiki mbele yako, maana si wachache miongoni mwetu watu wa pwani wenye watoto waliohamia bara na kujenga huko, na wengi wao wanajenga kwa karatasi za namna hii hii. Kitabu kibaya utakifunga ukiweke rafuni. Nyumba mbaya utailalia, wewe na wanao.

Kwanza nimpe mchoraji haki yake. Vipimo vyake vinakubaliana, kuta zimekaa juu ya msingi wake, na milango inapitisha kitanda, na siku ikifika, jeneza. Ila karatasi nzima haina mshale wa kaskazini. Mchoraji hakuuliza kiwanja kinaelekea wapi. Hapo ndipo mengi ya makosa yake yalipozaliwa.

Ifakara iko kiasi cha nyuzi nane kusini ya Ikweta, na Makka iko juu yake, mashariki kidogo tu. Kwa hiyo kibla cha Ifakara ni kaskazini, karibu sawasawa na chetu sisi wa Tanga na Unguja. Jua nalo hupiga kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Basi nyumba ikilazwa urefu wake toka mashariki hadi magharibi hupata mambo mawili kwa mpigo: kuta ndefu hukwepa jua kali, na watu wa nyumbani wakiswali jamaa husimama safu ndefu wakielekea ukuta mrefu bila kugongana na makochi. Nilipoilaza ramani hii juu ya kiwanja cha mpwa wangu, ilikuwa kinyume kabisa. Vyumba vya watoto vyote viwili vinatazama magharibi chini ya bati. Na choo kimewekwa hivi kwamba anayekaa huelekea kaskazini barabara! Najua wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelegeza jambo hilo ndani ya jengo lenye sitara. Lakini mtu aliye bado na penseli mkononi, udhuru wake ni upi?

Tukiingia ndani, mlango wa mbele unafunguka moja kwa moja sebuleni, na sebule haina kizuizi mbele ya ujia wa vyumba. Mgeni akisimama kizingitini huona mpaka mlango wa bafu. Sisi tumefundishwa katika Sura ya An-Nur kwamba nyumba ya mtu haiingiwi ila kwa ruhusa na salamu, na wazee wetu waliyageuza mafundisho hayo kuwa kuta. Baraza ilikuwa nje kwa ajili ya mgeni asiye wa ndani. Baada yake ukumbi. Vyumba huku na huku. Mwisho ua, mahali pa wanawake, jiko na kisima. Mtu aliweza kuja, akanywa kahawa, akazungumza hata adhuhuri, asijue mwenye nyumba ana mabinti wangapi. Katika ramani hii baraza imekuwa kijisehemu cha kuvulia viatu, na ua haupo. Jiko liko ndani, karibu na sebule, kana kwamba Ifakara yote inapika kwa gesi. Mke wa mpwa wangu anapikia kuni na mkaa. Moshi huo utakwenda wapi?

Hata hivyo sitaki udhani, msomaji, kwamba nasema turudi kwenye nyumba ya babu na yote yaliyokuwamo. Nyumba ya Kiswahili tuliyoizoea ina kasoro moja kubwa, nayo ni mwanya ulioachwa kati ya kichwa cha ukuta na paa. Tuliusifu kwa kuingiza upepo. Lakini mbu wa malaria akigonga ukuta hupanda juu, na huko juu hukuta mlango umeachwa wazi usiku kucha. Mji wa Ifakara wenyewe unalijua jambo hili kuliko mji wowote nchini, kwa sababu Mswisi Rudolf Geigy alifika hapo mwaka 1949, baadaye akaanzisha maabara, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakimchunguza mbu hapo; na kituo hicho ndicho leo Taasisi ya Afya Ifakara. Katika bonde hilo hilo ulifanyika mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET wa kuuza vyandarua vilivyotiwa dawa, vilivyoitwa Zuia Mbu, na matokeo yaliyochapwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Kule Gambia utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba ikizibwa mianya yake na kutiwa wavu, mbu wanaoingia hupungua kwa zaidi ya nusu. Ramani yetu ina dari ya mapambo sebuleni. Vyumbani mwa watoto haina dari, wala haikutaja wavu.

Paa lenyewe ni la mtindo wenye migongo na mabonde mengi. Hapa ndipo nilipokasirika kidogo. Kila bonde la bati ni mahali pa kuvuja, na masika ya Kilombero si manyunyu. Lakini ubaya wake mkubwa si maji. Paa la namna hiyo halijengwi nusu. Sharti lipauliwe lote kwa mara moja, na hizo fedha mkulima hana, maana mapato yake huja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Basi mpwa wangu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mahali watamkopesha kwa riba. Unaona, msomaji, mstari wa penseli ulivyomfikisha mtu? Laiti angechorewa paa la pande mbili, lililonyooka, angejenga vyumba viwili na ukumbi mwaka huu, akahamia, na mwakani akarefusha paa lile lile juu ya vyumba vingine. Nyumba za wazee wetu zilikua hivyo, mwaka kwa mwaka, na hakuna aliyedaiwa.

Maji ya chini nayo yamesahauliwa. Mto Lumemo umekwisha kuvuka kingo zake na kuingia mitaa ya Ifakara si mara moja. Msingi uliochorwa ni wa kimo cha kidato kimoja, na shimo la choo liko hatua kumi tu kutoka kisima.

Bado kuna jambo ambalo halimo katika ramani hata kwa nukta moja, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Familia hii haina nyumba moja. Ina mbili. Watu wengi wa Kilombero wana nyumba ya mjini au kijijini, na wakati wa kilimo huhamia shambani, mbali, na kukaa huko miezi kadhaa wakilima, wakipalilia, wakiamia ndege na kufukuza nguruwe, mpaka mpunga uvunwe. Huko hulala katika kibanda cha nyasi au dungu lililoinuliwa juu ya nguzo. Miezi hiyo ndiyo ya mvua na ya mbu. Kwa hiyo mpwa wangu anataka kutumia akiba yote kwa nyumba ambayo wanawe hawatailala katika miezi ya hatari!

Mwaka 2014 na 2015, katika kijiji cha Magoda, Muheza, wasanifu wa Kidenmaki walijenga nyumba sita za majaribio, kuta zake nyepesi zinazopitisha upepo, na nyingine zikiwa na vyumba vya kulala ghorofani. Katika zile za ghorofa mbu walipungua kwa asilimia 96, na katika zile za chini kwa asilimia 77, zikilinganishwa na nyumba za kawaida. Nimezipenda, ingawa nina neno: ukuta unaopitisha upepo hupitisha na mnong'ono, na mume na mke wana haki ya sitara yao. Lakini tazama ajabu. Kumlaza mtoto juu, mahali penye upepo, si ndilo dungu la mkulima wa Kilombero? Kilichopungua ni wavu wa pande zote na kifuniko cha mlango.

Nimemwandikia mpwa wangu barua. Nimemwomba aigeuze nyumba robo duara, aondoe mabonde ya paa, alitoe jiko nje uani, ainue msingi, na kabla ya kununua bati hata moja la mjini, atengeneze dungu la shambani lenye mbao imara na wavu, la watu sita. Amejibu kwamba yote ameyakubali isipokuwa sebule. Mkewe ameipenda sebule hiyo na hataki iguswe. Nami sikumlaumu. Nimewaomba tu waweke pazia zito mbele ya ujia wa vyumba, na chumba cha mama mkwe kiwe cha kwanza kutoka uani, kwa kuwa miguu yake haiwezi ngazi. Matofali yatachomwa kiangazi, maji yakishapungua bondeni.