Nani Anajibu Kikosi Kinapokosea? Ukamanda katika XCOM na Spec Ops

Katika mchezo wa kawaida wa kufyatua risasi, mchezaji hubeba dhamana ya nafsi yake tu. Akilenga vibaya anakufa yeye, kisha anaanza upya. Mambo hubadilika pale mchezo unapomkabidhi watu wa kuwaongoza, kwa sababu kuanzia hapo kosa lake hulipwa na mwingine. Nimecheza michezo ya aina hii kwa miaka mingi, na swali linalonirudia ni la kiufundi: watengenezaji hufanya nini hasa hadi mtu aliyekaa kitini, mbele ya askari wa kuchora, aone uzito wa kutoa amri?

Nachambua michezo miwili iliyotoka mwaka 2012: XCOM: Enemy Unknown ya studio ya Firaxis ya Marekani, na Spec Ops: The Line ya studio ya Yager ya Berlin. Wa kwanza humpa mchezaji mamlaka kamili kisha humdai matokeo. Wa pili humweka kizimbani. Yote miwili imefanya kazi kubwa, lakini yote miwili imeruka sehemu ngumu kuliko zote katika uongozi wa kijeshi, yaani wajibu wa kamanda juu ya maovu yanayotendwa na askari wake mwenyewe.

Askari mwenye jina

Katika XCOM dunia imevamiwa na viumbe kutoka anga za mbali, na mchezaji ni kamanda wa jeshi la siri linalopambana nao. Uso wake hauonekani hata mara moja. Hutazama uwanja wa mapambano kutoka juu, hupeleka kikosi cha askari wanne mwanzoni na hadi sita baadaye, na humwambia kila mmoja pa kwenda na wa kumpiga. Kila askari huja na jina, ukoo, sura na bendera ya nchi yake. Anaanza kuwa kuruta, kisha hupanda: koplo, sajenti, luteni, kapteni, meja, kanali. Akishakomaa kidogo hupewa na jina la utani. Mchezaji anaruhusiwa kubadilisha majina, na wengi huwapa askari majina ya ndugu na marafiki zao.

Wazo hili lina wazee wake. XCOM ya kwanza, iliyobuniwa na Mwingereza Julian Gollop, ilitoka mwaka 1994. Mwaka mmoja kabla yake, studio ya Sensible Software ya Uingereza ilitoa Cannon Fodder. Ndani yake makuruta wenye majina husubiri kwa foleni chini ya kilima, na kila askari anayekufa huongezewa kaburi kwenye kilima hicho. Kadiri vita vinavyoendelea, foleni ya walio hai hupita mbele ya makaburi mengi zaidi. Firaxis waliirithi fikra hiyo na kuweka kambini ukuta wa kumbukumbu, ambako marehemu huorodheshwa pamoja na idadi ya misheni alizokwenda.

Huzuni peke yake isingetosha. Ufundi wa Firaxis uko katika kuifunga huzuni hiyo na hesabu. Kanali mmoja ni matunda ya saa nyingi za mchezo. Akifa, mchezaji amempoteza mtu aliyemzoea na pia silaha yake bora, na kesho atalazimika kumpeleka kuruta asiyejua kitu mahali palepale. Mchezaji asiye na huruma ataumizwa na hesabu, mwenye huruma ataumizwa na yote mawili. Hakuna anayepita bure.

Amri isiyofutika

Jina la askari lingepoteza maana kama kifo chake kingeweza kufutwa. Karibu kila mchezo wa kompyuta humruhusu mtu kuhifadhi hatua aliyofikia na kuirudia mambo yakiharibika. XCOM inao mpangilio uitwao Ironman, ambao huacha hifadhi moja tu, nayo hujiandika yenyewe kila mara. Ukishatoa amri, imetoka. Askari aliyekufa amekufa, na vita vinaendelea bila yeye.

Hata kwa asiyechagua Ironman, watengenezaji waliziba mwanya mwingine. Bahati katika michezo hutokana na mfululizo wa namba unaozalishwa na kompyuta. Kwa kawaida XCOM huuhifadhi mfululizo huo pamoja na mchezo. Mchezaji akirudi nyuma na kurudia risasi ileile, kwa mpangilio uleule wa hatua, ataikosa tena vilevile. Ili apate matokeo tofauti hana budi kubadilisha mpango. Kanuni ndogo, lakini humsukuma mtu kutoka kwenye kubahatisha hadi kwenye kufikiri.

Hesabu ya hatari

Kabla ya kila risasi, XCOM huonyesha uwezekano wa kupata shabaha kwa asilimia. Mchezaji huona 85, anabonyeza, risasi inapita pembeni, adui anageuka na kumuua askari. Hapo malalamiko huanza: kete zimenionea, kompyuta imedanganya. Lakini 85 maana yake ni kwamba kwa wastani risasi 15 katika kila 100 zitakosa, na katika vita vyenye mamia ya risasi zitakosa mara nyingi.

Mchezaji mzuri hujiuliza swali lingine. Kwa nini maisha ya askari wangu yalitegemea risasi ile moja? Kwa nini nilimpeleka mahali pa wazi, nikamaliza hatua zake zote, bila mwenzake wa kumlinda kutoka nyuma? Bahati mbaya haizuiliki, lakini mahali alipokuwa askari ilipokuja palitokana na amri. Hili ndilo somo bora la uongozi ninaloliona katika mchezo huu: kamanda hupimwa kwa uamuzi alioufanya kwa taarifa alizokuwa nazo, si kwa namna kete zilivyoanguka. Anayejisifu kwa mpango mbovu uliobahatika atawaua watu siku nyingine kwa mpango uleule. Ndiyo maana siupendi msaada ambao mchezo humpa mchezaji kimyakimya katika ngazi za chini za ugumu. Humfanya aamini kwamba anajua kuongoza, kumbe anabebwa.

Kisha kuna kuchagua wa kumwacha. Mara kwa mara wavamizi huteka watu katika miji mitatu kwa wakati mmoja, na kikosi ni kimoja. Kila mji utakaopuuzwa, hofu hupanda katika nchi yake. Nchi wanachama ni 16, na nane zikijitoa vita vimeshindwa. Hakuna jibu safi. Mchezo unamtaka kamanda aamue, na kesho yake humwonyesha ramani yenye alama za uamuzi wake.

Dubai chini ya mchanga

Spec Ops: The Line ilichukua njia nyingine. Kapteni Martin Walker wa jeshi la Marekani anaingia Dubai iliyofukiwa na dhoruba za mchanga, akiwa na askari wawili, Adams na Lugo, kumtafuta Kanali John Konrad. Jina la kanali linafichua asili ya hadithi. Watunzi walichota kutoka riwaya ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, iliyotokana na safari yake katika mto Kongo mwaka 1890.

Tukio lililoupa mchezo sifa linahusu fosforasi nyeupe, kemikali inayounguza nyama ya mwili. Kikosi cha Walker kinakuta lango lenye ulinzi mkali na mzinga uliojazwa kemikali hiyo. Lugo anapinga, Walker anasema hakuna njia nyingine. Mchezaji hulenga kupitia skrini ya kompyuta yenye picha isiyo na rangi, watu wakionekana kama vidoa vyeupe, na sura ya Walker imeakisiwa juu ya kioo hicho. Baadaye analazimika kutembea kwa miguu kati ya waliochomwa, na kugundua kwamba vidoa vingi vya mwisho walikuwa raia, wakiwemo watoto.

Kwa upande wa sanaa, tukio limejengwa kwa ustadi mkubwa. Umbali wa skrini unawageuza watu kuwa vidoa, kisha kutembea kunavirudishia vidoa ubinadamu. Sura iliyo kwenye kioo inamkumbusha mchezaji kwamba kuna mtu anayefyatua. Udhaifu uko kwenye haki. Mchezaji akijaribu kupigana bila mzinga, adui hawaishi na atauawa. Mchezo umefunga kila mlango isipokuwa mmoja, kisha unamlaumu kwa kuupita. Baadhi ya watetezi husema angeweza kuuzima mchezo. Siwaafiki. Huwezi kumwajibisha mtu kwa jambo ambalo hukumpa mamlaka ya kulizuia, na jeshi lolote linalofanya hivyo hutengeneza makamanda wanaoona lawama kuwa ajali ya kazi.

Mchezo huohuo, saa chache baadaye, unafanya vema zaidi. Umati wa raia wenye hasira unamnyonga Lugo. Walker na Adams wanafika wamechelewa, umati umewazunguka na kuwatupia mawe, na Adams anangoja amri. Hakuna maandishi kwenye skrini yanayosema bonyeza hapa kuua, bonyeza hapa kusamehe. Wachezaji wengi hufyatua risasi katikati ya watu, kwa kuwa ndivyo mikono yao ilivyozoeshwa. Lakini ukipiga risasi hewani, umati hutawanyika. Mlango wa pili ulikuwepo, haukuwekewa kibao. Hapa lawama ni ya haki, na hapa ndipo Spec Ops inapofundisha jambo ambalo XCOM hailigusi: chini ya ghadhabu, kiongozi ana kazi ya kutafuta chaguo ambalo hakuna aliyemwonyesha.

Pengo lililobaki

Askari wa XCOM ni mtiifu kupita ubinadamu. Hapori, hatesi, hampigi raia kwa kinyongo. Asipotii ni kwa sababu amepagawa kwa woga, na katika hali hiyo anaweza hata kumpiga risasi mwenzake. Baada ya hapo hakuna kinachofuata. Misheni inaisha, anarudi kambini, kesho anapangwa tena. Wavamizi waliotekwa nao huhojiwa maabara hadi kufa, na kamanda haulizwi neno.

Vita halisi huuliza. Jenerali Tomoyuki Yamashita aliongoza majeshi ya Japani nchini Ufilipino wakati askari walipowaua raia wengi Manila mwaka 1945. Alijitetea kwamba mawasiliano yalikuwa yamekatika na hakuwa na uwezo wa kuwadhibiti. Utetezi haukumsaidia, alinyongwa Februari 1946. Leo kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kinamtia hatiani kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba askari wake wanatenda uhalifu, asichukue hatua zote za lazima na za busara zilizo ndani ya uwezo wake kuuzuia au kuufikisha kwa vyombo vya kuuchunguza.

Kipimo hicho ni kigumu hata kwa majaji. Jean-Pierre Bemba wa Kongo alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwezi Machi 2016, kwa uhalifu wa wapiganaji wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003, akahukumiwa miaka 18. Juni 2018 majaji wa rufaa, kwa wingi wa kura, walimwachia huru. Waliona kwamba hukumu ya kwanza haikuzingatia ipasavyo vikwazo vinavyomkabili kamanda aliye mbali, ambaye askari wake wako nchi ya kigeni. Waathirika waliachwa na uchungu wao, na wanasheria bado wanabishana.

Kamanda aliye mbali, anayetazama kutoka juu, anayetegemea taarifa za wengine: huyo ndiye mchezaji wa XCOM hasa. Mchezo unaye mtu sahihi kwenye kiti sahihi, ila haujampa kesi hiyo.

Hapa kwetu mfano wa kujibia walio chini haukutoka jeshini. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania, alijiuzulu kutokana na vifo vya watuhumiwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Hakuwa amemgusa mtu. Dhamana ilikuwa yake, akaibeba.

Mchezo ungeweza kuliweka hili mbele ya mchezaji kwa zana zilezile ambazo Firaxis walishaziunda. Misheni imefaulu, kisha ripoti inakuja: mdunguaji wako bora, mwenye cheo cha meja, anadaiwa kumuua mateka. Shahidi ni kuruta mmoja. Misheni kubwa ni keshokutwa, na bila mdunguaji huyo uwezekano wa kushinda unashuka mbele ya macho yako, kwa asilimia. Unaweza kumsimamisha na kufungua uchunguzi. Unaweza kumpeleka vitani na kuahidi kuchunguza baadaye. Unaweza kuitupa ripoti. Hifadhi ni moja, na kila njia ina gharama: ukimsimamisha unapungukiwa nguvu, ukinyamaza askari wengine wanajifunza kinachoruhusiwa, na misheni tatu mbele yupo atakayerudia.

Hakuna teknolojia mpya inayohitajika hapo. Majina yapo, vyeo vipo, kumbukumbu isiyofutika ipo, hesabu ya hatari ipo. Kinachotakiwa ni mbunifu atakayekubali kwamba mchezaji anaweza kushinda vita na bado akawa kamanda mbaya, na kwamba mwisho wa mchezo unapaswa kumwambia hivyo waziwazi.