Msomaji wa Kwanza na Wasomaji Kumi na Sita: Uhakiki wa Albamu ya Two Rooms

Albamu ya Two Rooms: Celebrating the Songs of Elton John & Bernie Taupin ilitolewa mwaka 1991. Ndani yake, waimbaji na vikundi 16 wanaimba upya nyimbo 16 za watunzi hao wawili. Jina la albamu, lenye maana ya vyumba viwili, linatokana na utaratibu wao wa kazi. Tangu walipokutana mwaka 1967, baada ya kila mmoja kujibu tangazo la kampuni ya Liberty Records iliyokuwa ikitafuta vipaji, Taupin aliandika maneno peke yake, kisha akamkabidhi mwenzake karatasi. Naye Elton John aliketi kwenye piano na kuyatafutia mahadhi. Taswira ya vyumba hivyo walikwisha kuitumia wenyewe katika wimbo wao "Two Rooms at the End of the World" wa mwaka 1980. Mwaka 2018 zilitoka albamu nyingine mbili za kuwaenzi, Revamp na Restoration, lakini ya mwaka 1991 ndiyo inayotaja katika jina lake suala la mgawanyo wa utunzi. Kwa sababu hiyo ndiyo inayohakikiwa hapa.

Ni desturi ya wahakiki kuupima wimbo uliorudiwa kwa kuulinganisha na ule unaoitwa wa asili. Makala haya yanashikilia kuwa, kwa nyimbo za watunzi hawa, kipimo hicho kina kasoro. Ikiwa maneno yalitangulia na mahadhi yakafuata, basi uimbaji wa Elton John mwenyewe ni fasiri ya matini iliyokwisha kukamilika katika chumba kingine. Elton John ni msomaji wa kwanza wa Taupin. Waimbaji wa Two Rooms ni wasomaji waliokuja baada yake, na swali la kuwauliza si kama wamefanana naye au wametofautiana naye, bali kama wameyasoma maneno au wameisikiliza tu sauti ya msomaji aliyewatangulia.

Kwa kipimo hiki, baadhi ya nyimbo zinazopendeza masikioni hazifiki mbali. "Your Song" ni wimbo wa nafsineni ambaye hana uhakika wa maneno yake. Anaanza jambo, analiacha, anaomba radhi, na haya yake ndiyo uthibitisho wa mapenzi yake. Rod Stewart anauimba kwa sauti ya mtu mzima aliyezoea kukubaliwa. Kusitasita kuliomo katika sintaksia ya matini hakusikiki tena. Vivyo hivyo, The Beach Boys wanaufanya "Crocodile Rock" kuwa sherehe. Wimbo huo wa mwaka 1972 unatazama kwa mbali muziki wa ujana uliokwisha kupita na mpenzi aliyekwisha kuondoka. The Beach Boys walianza kuimba katika zama zizo hizo zinazokumbukwa, na wanaporejea huko kwa furaha, umbali baina ya nafsineni na ujana wake unafutika, na msiba wake unafutika pamoja nao.

Wasomaji walio makini zaidi ni Kate Bush na Sinéad O'Connor. Katika "Rocket Man", msomaji wa kwanza alivutwa na anga: mahadhi yake hupanda na kumwinua msikilizaji. Kate Bush ameleta mdundo wa rege na zumari ya Kiayalandi, na kwa kufanya hivyo ameurejesha wimbo ardhini. Matini inamruhusu, kwani mhusika wa Taupin si shujaa. Ni mfanyakazi anayemwacha mkewe na kwenda kazini kama waendavyo wengine, ila kazi yake iko mbali mno. Sinéad O'Connor naye, katika "Sacrifice", anaimba karibu na kunong'ona. Nafsineni wa wimbo huo anazungumzia ndoa iliyovunjika na kusisitiza kwamba hakuna alichokipoteza. Elton John aliimba kana kwamba anayaamini madai hayo. O'Connor anayaimba kwa namna inayomfanya msikilizaji ayatilie shaka, na kanusho likageuka kuwa ungamo. Hakuna neno lililobadilishwa. Kilichobadilika ni nguvu ya usemi, kwa maana ambayo wanapragmatiki wanaifahamu vyema.

Suala la jinsi linastahili kuangaliwa kwa jicho la isimu. Tina Turner anaimba "The Bitch Is Back", wimbo ambao kiini cha jina lake ni neno la Kiingereza la mbwa jike, nalo ni tusi kwa mwanamke. Mwanamume alipojiita hivyo mwaka 1974, kulikuwa na mzaha na kinyume. Mwanamke anapojiita hivyo analinyang'anya tusi makali yake. Wilson Phillips, kikundi cha wanawake watatu, wanaimba "Daniel", ambamo mdogo mtu anamtazama kaka yake akiondoka kwa ndege. Katika Kiingereza, neno la udugu linabaki lile lile, awe msemaji wa kike au wa kiume, kwa hiyo badiliko la msemaji halikulazimu badiliko la matini. Kiswahili cha zamani kisingeruhusu wepesi huo. Kilikuwa na neno umbu kwa ndugu wa jinsi tofauti na ya msemaji, na mwimbaji wa kike angelazimika kuchagua: ama atumie neno hilo na kuuhamisha wimbo kwake, ama aliepuke na kubaki akisema kwa niaba ya mwanamume. Kila lugha ina mahali pake pa kumtaka mwimbaji ajitambulishe, na mahali hapo huathiri uhuru wake wa kurudia wimbo.

Hata hivyo, taswira ya vyumba viwili isikubaliwe bila kuhojiwa. "Daniel" ulikuwa na ubeti wa mwisho ambao Elton John aliuondoa. Ndio uliokuwa ukieleza kwamba kaka huyo ni askari aliyerejea kutoka vita vya Vietnam. Ukungu ambao wasikilizaji wengi wameusifu ni kazi ya mkato wa mwanamuziki. Kinyume chake, katika "Border Song", ambao humu unaimbwa na Eric Clapton, ubeti wa mwisho ulitungwa na Elton John kwa kuwa maneno ya Taupin yalikuwa machache. Nyimbo zote mbili zimo katika albamu hii. Clapton anaimba beti za watu wawili kama sauti moja, na Wilson Phillips wanaurithi ukimya ambao mtunzi wa maneno hakuukusudia. Baina ya vyumba hivyo palikuwa na mlango, na aliyekuwa na ufunguo ni mwanamuziki. Yeye ndiye aliyeweza kuongeza na kupunguza.

Hapa ndipo albamu ya Kiingereza inapotugusa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Sisi tuna watunzi na waimbaji waliogawana kazi kwa namna iliyo karibu na hiyo. Mjini Mombasa, Ahmad Nassir Juma Bhalo alimtungia mashairi binamu yake Juma Bhalo, aliyeyaimba katika taarabu. Ahmad Nassir tunamsoma katika Malenga wa Mvita, diwani iliyotoka mwaka 1971. Juma Bhalo tunamsikiliza. Katika ufundishaji wetu wawili hao hukutana kwa nadra. Mihadhara ya ushairi huhesabu mizani na kutafuta vina bila kuuliza ni silabi zipi mwimbaji alizivuta na ni mshororo upi aliurudia. Nao wapenzi wa taarabu husema "wimbo wa" fulani wakimtaja aliyeuimba. Nimesahihisha tasnifu zaidi ya moja ambamo shairi limenukuliwa kutoka kwenye kaseti na jina la mtunzi halimo kabisa. Tukiendelea hivyo, tutawapoteza watunzi ambao hawakubahatika kuchapishwa, kwa sababu sauti za wengine ndizo diwani zao.

Kwa hiyo upungufu wa Two Rooms usitufiche thamani yake. Si wasomaji wake wote waliosoma, na utaratibu inaoutukuza haukuwa safi kama jina linavyodai. Lakini imeliweka jina la mtu asiyeimba mbele ya hadhira iliyokuja kwa ajili ya waimbaji, na imeonyesha kuwa kuimba upya kunaweza kuwa uhakiki wa matini. Mtafiti wa taarabu atakayelikusanya shairi moja kutoka kwa waimbaji watatu au wanne, akaandika jina la mtunzi juu yake na kuuliza kila mmoja amelisomaje, atakuwa ameanza kazi ambayo taaluma yetu imechelewa kuifanya.