Fonti Ilibadilika, Faili Halikuguswa

Mwishoni mwa 2022, baadhi ya wenye iPhone walibadilisha fonti ya simu nzima, kuanzia mipangilio hadi ujumbe, bila kuwa na mamlaka ya juu ya mfumo. Faili la fonti hiyo linakaa kwenye sehemu ya diski iliyotiwa muhuri wa kidijitali, na programu ya kawaida inaruhusiwa kulisoma tu. Programu ya mtafiti wa usalama Zhuowei Zhang ilipita hapo, na muhuri haukuvunjwa hata kidogo.

Mchezo wote ulikuwa kwenye memori. Simu haiendi kwenye diski kila inapohitaji faili. Kiini cha mfumo hulipakia kwenye memori, na programu zote husoma nakala hiyo hiyo moja. Programu ikitaka kuandika humo, hupewa nakala yake ya pembeni, ya wote ikabaki salama.

Kosa lilikuwa kwenye utekelezaji. Kiini kilipoombwa kunakili data kwenda mahali fulani kwenye memori, kilikagua kwanza kama panaruhusiwa kuandikwa, ndipo kikaandika. Kati ya hatua hizo mbili palikuwa na upenyo mfupi mno. Basi programu iliendesha kazi mbili kwa wakati mmoja: moja inaomba kuandika, nyingine inabadilisha kilichopo pale pale, sasa hivi eneo lake halali, punde ukurasa wa faili la mfumo. Ni kama karani aliyekwisha kuikagua hati, akageuka kuchukua muhuri, huku nyuma hati ikabadilishwa. Majaribio mengi hushindwa, lakini programu hurudia mpaka ipatie. Hapo kiini chenyewe huandika juu ya nakala ya wote.

Mbinu ilikuwa na mipaka. Fonti mpya haikuweza kuzidi ukubwa wa faili la zamani, na ukizima simu na kuiwasha, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, kwa kuwa diski haikuguswa.

Wengi waliliona hili kuwa pambo tu. Mimi naliona zito zaidi. Apple yenyewe ilisema kosa hili lingeweza kuiwezesha programu kuendesha msimbo kwa mamlaka ya kiini. Aliyeligundua ni Ian Beer wa Google Project Zero, na lilizibwa Desemba 2022 katika iOS 16.2 na 15.7.2. Zhang hakulazimika kuanza kutoka sifuri: msimbo wa kiini ambao Apple huuchapisha ulikuwa na jaribio la kuhakiki kwamba tundu limezibwa, naye akajenga juu ya hilo. Kwa hiyo marekebisho yakishatoka, anayechelewa kuyaweka ndiye aliyebaki wazi, maana njia ya kumwingilia imeshajulikana.

Fungua mipangilio, tazama toleo la mfumo wako. Ukikuta 16.1.2, au 15.7.1, au la chini ya hapo, sasisha leo, na usipakue programu ya mapambo ya simu kutoka kwa mtu usiyemjua.