Mwenye Macho na Aambiwe Tazama

Methali inasema mwenye macho haambiwi tazama. Nchi kavu inafaa. Sokoni Darajani hakuna haja ya kumwambia mtu mzima aangalie anakokanyaga. Baharini imekosea. Chomboni mwenye macho ndiye hasa wa kuambiwa tazama, tena aambiwe na kurudiwa, kwa sababu macho anayo kutwa kucha lakini kutazama humtoka bila ya yeye kujua. Jicho mtu huzaliwa nalo. Kuangaza, yaani kuilinda bahari kwa macho na masikio ili kijulikane kinachokuja kabla hakijafika, ni ufundi kama ulivyo ufundi wa kushona tanga au kukalafati chombo: una wanaoujua na una wanaojidai kuujua. Nataka kuusifu pale ulipo mgumu kuliko kwingine, kwa mtu aliye peke yake, mkono mmoja usukani, mkono wa pili demani, hana wa kumpokea zamu. Baharia wa namna hii husifiwa kwa ushujaa wake na kwa kuuvumilia upweke. Sioni kuwa hizo ndizo sifa zake kubwa. Shujaa aliyelala hugongwa sawasawa na mwoga aliyelala.

Mfano uko mbele ya Forodhani kila siku. Ngalawa ya Unguja, gogo la mwembe lililochongwa likatiwa mirengu miwili, mlingoti, foromali na tanga la pembe tatu, ni chombo ambacho mtu mmoja anaweza kukiendesha, japo wawili ndio wenye raha. Mtu huyo huketi tezi, karibu na maji kiasi kwamba macho yake yako kama mita moja tu juu ya bahari. Mbele yake tanga limeshiba upepo na limeziba sehemu nzima ya upande wa demani. Huko anaweza kuwapo mwenziwe anayekuja, au boya, au boti ya watalii inayokimbilia Changuu, naye asione kitu. Asiyejua hungoja mpaka sauti imfikie. Anayejua huinama kila baada ya muda akachungulia chini ya tanga, au hukiachia chombo kielekee joshi kidogo, pazia likafunguka, akapiga jicho la haraka, kisha akarudi njiani mwake. Anayemtazama kutoka ufukweni huona ngalawa inayoyumba. Kumbe ni nahodha yumo kazini.

Na ile mirengu, ambayo wageni hudhani kazi yake ni kuzuia chombo kisipinduke basi, humpa kipimo. Chombo kingine kikionekana sambamba na ncha ya mrengu, na baada ya dakika kadhaa, yeye akiwa hajabadili njia, kikawa kimebaki nyuma ya ncha hiyo, kitapita nyuma yake. Kikiwa kimeitangulia, kitapita mbele. Kikiwa palepale, hakisogei kushoto wala kulia bali kinakua tu, watakutana. Hesabu hiyo ndiyo ileile anayoifanya afisa wa meli kwa dira na rada. Ugumu wake ni kwamba hatari haisogei. Jicho la binadamu huvutwa na kinachopitapita, samaki aliyeruka, ndege aliyetua, ilhali kile kinachokuja kukuvunja kimetulia tuli mahali pamoja kama kimetiwa nanga. Kwa hiyo jicho lisilofundwa hutazama kila kitu isipokuwa hicho.

Nuru nayo ina elimu yake. Mji Mkongwe umeelekea magharibi, hivyo anayeingia bandarini asubuhi jua humpiga usoni likitokea juu ya mapaa ya mji, na anayetoka jioni humpiga vilevile kutoka upande wa bara. Mwamba husomeka jua likiwa juu na nyuma ya mgongo: mchanga wa fungu kama Pange huyafanya maji yawe meupe au kijani hafifu, matumbawe huyatia hudhurungi, na kilindi hubaki buluu nzito. Usiku mambo hugeuka. Jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza barabara, na mwanga mkali wa kitambo kidogo hulirudisha mwanzo. Taa hafifu iliyo mbali huonekana vizuri ukiitazama kwa pembeni kuliko ukiikodolea. Wavuvi wa dagaa, ambao hutoka giza la mwezi kwa karabai na siku hizi kwa taa za umeme, hukaa ndani ya duara la mwanga wao wenyewe: kila mtu anawaona, wao hawaoni mtu. Lakini mwenye tanga ana jambo moja ambalo mwenye injini amelipoteza, nalo ni ukimya. Wimbi linalovunjika mwambani husikika kabla halijaonekana, na mngurumo wa meli husafiri vizuri juu ya maji yaliyolala.

Sheria inayohusika ni fupi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa London mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977, zinasema katika kanuni ya 5 kwamba kila chombo, wakati wote, kiwe na uangalizi wa kutosha wa macho na masikio na njia nyingine zifaazo, ili hali na hatari ya kugongana ipimwe kikamilifu. Kila chombo, wakati wote. Hapajaandikwa isipokuwa mwenyewe yuko peke yake, wala isipokuwa amelala. Hapo ndipo mashujaa wa bahari kuu wanapoingia matatani. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, alikwenda kama maili 2,700 katika Bahari ya Hindi hii yetu, mpaka visiwa vya Cocos, kwa siku 23, na kwa maelezo yake mwenyewe hakushika usukani kwa zaidi ya saa tatu kwa jumla. Chombo chake Spray kilijiongoza naye akasoma vitabu na kulala. Robin Knox-Johnston alimaliza mzunguko wake mwaka 1969 baada ya siku 312 bila kutia bandarini popote, kwa chombo kilichojengwa Bombay kwa mbao za msaji na kupewa jina Suhaili, jina ambalo masikio ya pwani yetu yatalitambua haraka kwa ajili ya nyota ya Suheli. Ubaharia wao siutilii shaka hata chembe. Lakini kila waliposinzia chombo chao kilikuwa kipofu anayetembea njiani, na walisinzia kila siku.

Mvuvi wa ngalawa hapewi nishani wala haandikwi gazetini. Hutoka alfajiri kwa upepo wa nchi kavu, hurudi mchana kwa upepo wa bahari, na kutoka nanga mpaka nanga anaweza kukaa macho. Safari yake imekatwa kwa kipimo cha mwili wake, kama kanzu. Hapa ndipo penye hoja yangu yote: safari ya mtu mmoja ipimwe kwa muda anaoweza kuangaza, isipimwe kwa maili ambazo chombo chake kinaweza kwenda. Ukivuka hapo umeingia kwenye kamari, na dau (neno lenyewe limekaa vizuri, kwa kuwa huwekwa mezani na huelea majini) si lako peke yako.

Nitajibiwa kwamba bahari kuu ni tupu, kwamba Slocum aliweza kukaa siku nyingi asione hata moshi wa meli, na kwamba mabaharia pekee wa leo hulala vipande vya dakika 20 kisha wakaamka kuangalia. Tufanye hesabu hiyo hapa kwetu. Boti ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Malindi ya hapa Unguja zinaweza kukata maili 30 za baharini kwa saa, yaani maili moja kila dakika 2. Katika dakika 20 boti hiyo imekwenda maili 10. Kwa mtu ambaye macho yake yako mita moja juu ya maji, upeo wa bahari uko kama maili 2. Sehemu ya juu ya boti itachomoza mapema kuliko hivyo kwa kuwa ni ndefu, lakini si kwa maili 10. Basi boti ambayo haikuwapo alipolaza kichwa inaweza kuwa imeshapita juu yake kabla hajaamka. Uamuzi wa kulala dakika 20 una maana katikati ya bahari isiyo na njia. Katika mkondo wa Unguja ni sawa na kulala kwenye barabara ya Bububu kwa sababu gari la mwisho limeshapita.

Wengine watasema siku hizi mashine huangaza badala ya mtu. Mwezi Januari 2021 Boris Herrmann, Mjerumani aliyekuwa katika mbio za Vendée Globe za kuizunguka dunia peke yake, aligonga meli ya wavuvi usiku, zikiwa zimebaki kama maili 90 tu kufika. Alikuwa na rada, alikuwa na vyombo vya kutambua meli nyingine, na alikuwa na kamera zilizotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Kengele hazikumwamsha. Sisemi vifaa havifai. Kanuni yenyewe inataka njia zote zitumike. Ninachosema ni kwamba alipofika mahali penye wavuvi, utupu wa bahari uliokuwa ukimlinda tangu Bahari ya Kusini ulikuwa umekwisha, na aliyegongwa hakuwa mwenzake katika mbio bali mtu aliyekuwa kwenye riziki yake. Mara hii meli ya wavuvi ilikuwa kubwa ya kutosha. Ngalawa isingekuwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi hutoka kwa upande wa wavuvi wenyewe: kwa nini mnyonge ndiye aangaze, wakati sheria inamtaka mwenye injini ampishe mwenye tanga? Inamtaka kweli, isipokuwa katika njia nyembamba, ambako mwenye tanga naye ameagizwa asiwe kizuizi kwa chombo kisichoweza kupita pengine. Lakini ili akupishe lazima akuone. Mbao hurudisha mawimbi ya rada kwa unyonge, na wakati wa kusi, bahari inapotoa povu jeupe kila mahali, tanga jeupe ni povu moja zaidi. Sheria haikumwacha mnyonge mikono mitupu: chombo cha tanga kisichofika mita 7, kikishindwa kubeba taa za kawaida, kimeruhusiwa kuwa na tochi au fanusi iliyo tayari kuonyeshwa mapema, kabla hatari haijakaribia. Tochi si mali ya kumshinda mvuvi. Ila tochi haina faida kwa asiyejua ni wakati gani wa kuiwasha, na wakati huo haujulikani bila kuangaza. Wapo pia watakaosema mlinzi ni Mungu. Ni kweli, na mafundisho yaleyale yanataka ngamia afungwe kwanza.

Kuna swali jingine ambalo mtu wa Unguja hawezi kulikwepa. Misiba yetu mikubwa haikuletwa na kutoangaza. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, nje ya Nungwi, ikiwa imebeba watu wengi mno kupita idadi iliyoruhusiwa. Na 18 Julai 2012 MV Skagit ikapinduka katika bahari kali karibu na Chumbe, kisiwa ambacho mnara wake wa taa umesimama tangu 1904.  Nakubali, na sitajaribu kuwageuza marehemu wawe ushahidi wa hoja yangu. Ila misiba hiyo inanisahihisha mahali pamoja. Uzito kupita kiasi huonekana gatini, mchana kweupe. Alama za ubavuni zikizama chini ya maji kila aliyesimama pale anaziona. Kuona kulikuwapo. Kilichokosekana ni yule wa kusema chombo kisiondoke. Bandari hii ilikuwa imeshaliona jambo hilo kwa sura nyingine alfajiri ya 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipotokea na kuipiga HMS Pegasus iliyokuwa imetia nanga mbele ya mji ikitengenezwa mitambo. Hata kama mlinzi angeiona saa nzima mapema, meli isiyoweza kwenda ingefanya nini? Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa Chapwani. Kuangaza kusikounganishwa na usukani ni kushuhudia tu, na ndiyo sababu mvuvi mzoefu hutia nanga kwa namna atakayoweza kuing'oa au kuikata kamba kwa mkono mmoja.

Mvuvi huyo anastahili kutazamwa kwa mara nyingine, kwa sababu ya kazi anayoifanya akiwa ametia nanga kando ya fungu. Mshipi uko kidoleni. Samaki akigusa chambo habari hupita kwenye uzi na kufika kwenye ncha ya kidole. Kazi yote imo mkononi, na macho yamebaki huru kwa bahari. Katika shughuli za mtu aliye peke yake majini sijui nyingine iliyopangika vizuri hivyo. Nyavu huyavuta macho yatazame ndani ya chombo, injini nayo huyataka pale inapokohoa. Siku hizi kuna simu. Mshipi haujawahi kudai macho. Simu hudai hayo tu, tena usiku hudai zaidi ya yale ya dakika anayoitazama, kwa kuwa kioo chake kikizimwa jicho huanza upya safari yake ya nusu saa kurudi gizani. Meli ya usiku, hata iwe inakwenda nusu ya kasi ya boti za mchana, katika dakika 20 tu za upofu huo huwa imeshakata maili 5.