Kichomi si uchungu

Panda kilima chochote cha Lushoto kwa njia ya mkato, zile wanazopita kina mama na mboga siku ya gulio, na kabla hujafika nusu kitu kitakushika ubavuni, chini kidogo ya mbavu. Hakiwaki kama kidonda wala hakizunguki kama msokoto wa tumbo. Kinachoma mara moja. Ukitoa pumzi kinaachia, ukivuta tena kinarudi. Mtu mwenye mzigo kichwani anakupita na kukuuliza, bila hata kukutazama sawasawa: "Kichomi?" Nawe unaitikia kwa kichwa tu, maana pumzi ya kujibia huna.

Neno hilo ndilo Euphrase Kezilahabi aliloliweka kwenye jalada la diwani yake ya kwanza ya mashairi mwaka 1974. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu Kichomi: kwamba ni kitabu kilicholeta mashairi huru, kwamba ni kitabu cha huzuni, kwamba mwandishi wake alikata tamaa mapema. Kuhusu neno lenyewe, karibu hakuna. Mwalimu anauliza darasani, "Kichomi maana yake nini?", mwanafunzi anajibu "maumivu", anapewa vema yake, somo linaendelea. Mimi naona hapo ndipo kitabu kinapopotea.

Tuanze na namna linavyotumika. Hatusemi "nina kichomi" kama tunavyosema "nina shilingi mia". Tunaweza kusema hivyo, ndiyo, lakini mara nyingi utasikia "kichomi kimenishika", "kichomi kimenibana". Kichomi ndicho kinachotenda, mtu anatendwa. Utasema Kiswahili kinafanya hivyo kwa kila kitu: homa imenishika, njaa inaniuma, usingizi umenichukua. Kweli. Ila sikiliza ndani ya neno, kuna kitenzi "choma", na kitenzi hicho kina kazi mbili, moto na ncha. Jua linachoma, mwiba unachoma, nesi anachoma sindano, maneno ya shemeji yanachoma. Ukilitamka kichomi tayari umeshataja kitu chenye ncha, au chenye moto, kinachofanya kazi ndani ya mwili wako bila ruhusa. Maumivu hayana ncha wala moto. Maumivu ni jina la jumla, kama kusema "mnyama" wakati aliye mlangoni ni chui.

Sasa hebu tujaribu mchezo. Tukibadilishe kitabu jina.

Kiite Uchungu. Hapo hapo mama ameingia chumbani, kwa sababu uchungu kwetu ni wa kuzaa, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tena uchungu una ulimi: ni ladha ya shubiri, ya mwarobaini, ya kahawa isiyo na sukari. Uchungu unabaki mdomoni. Mtu anaweza kuishi na uchungu wake miaka thelathini na akaurithisha. Watu wa Mvita na Lamu wao husema utungu, na kwa sikio langu la bara neno hilo ni zito zaidi, limejaa msiba. Kichomi hakirithiwi.

Kiite Mwiba. Mwiba unaonekana, unatolewa, na ukijichoma mwenyewe hata pole huambiwi. Kijiba cha roho nacho ni mwiba, mdogo zaidi, lakini huo ni husuda. Ungetupa kitabu kingine kabisa, labda kizuri, labda cha umbea. Kiite Kero. Jamani, siku hizi kero inapelekwa kwa mkuu wa wilaya kwenye mkutano wa hadhara, inaandikwa kwenye daftari na kuahidiwa utatuzi. Kiungulia? Dawa yake iko duka la pembeni.

Yapo pia yale yasiyokubali kuwa jina la kitabu kwa sababu ni vitenzi tu, na hayo ndiyo mazuri kuliko yote: kidonda kinachonyota kikiingia chumvi, jipu linapwita, kichwa kinawanga, moyo unasononeka. Ukimtonesha mtu umegusa pale pale palipokuwa panauma. Kila kimoja kina mwendo wake. Kupwita kuna mapigo kama ngoma, kuwanga kuna uzito usioisha, kuchonyota kunakuja kwa wimbi. Anayesema haya yote ni visawe vya kuuma hajawahi kuumwa na kitu zaidi ya mtihani.

Neno linaloshindana na kichomi kwa haki ni moja tu, nalo lilishachukuliwa mwaka mmoja kabla. Mwaka 1973 ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni Kenya, kati ya 1969 na 1972. Dhiki ni neno la Kiarabu, na asili yake ni wembamba, mahali pasipo nafasi. Hakuna jina lililoweza kukaa vizuri zaidi juu ya kitabu kilichoandikwa ndani ya seli. Mtu yuko ndani ya dhiki. Ina kuta, ina aliyekutia humo, na ukijua aliyekutia unajua pa kuielekeza sauti yako. Ndiyo maana mashairi ya Abdilatif, hata yanapolia, yamesimama wima, vina na mizani vikiwa mahali pake.

Kichomi kiko upande wa pili: hakikuzunguki, kiko ndani yako. Hakina mlango wa kugonga. Nafikiri hii inaeleza umbo la mashairi ya Kezilahabi vizuri kuliko ule ugomvi wetu wa zamani wa guni na si guni. Mtu aliyeshikwa na kichomi hawezi kumaliza mizani kumi na sita. Anasema maneno manne, anakatika, anavuta pumzi, anasema mawili. Kezilahabi mwenyewe alijitetea kwamba anataka lugha ya watu ya kila siku, na utetezi huo nauheshimu, ila naona jina la kitabu linamtetea vizuri zaidi.

Niko Usambara, basi siwezi kuliacha neno moja la huku, ingawa linatutoa kidogo njiani. Steven Feierman, mwanahistoria aliyewasikiliza sana wazee wa Kishambaa, ameandika kuhusu semi mbili, kuzifya shi na kubana shi. La kwanza ni kuiponya nchi, la pili ni kuidhuru. Wenye nguvu wakigombana nchi inadhurika, mvua na chakula vinakosekana. Nguvu moja ikishinda nchi inapona. Sikio la Kiswahili linasikia "kubana" na kufikiria kufinya, nusura tudhani ni dhiki ileile. Tusiharakishe. Ninachokipenda ni kwamba hapa anayeumia ni nchi, na mponyaji anajulikana wajibu wake. Kwa mtu wa lugha hii, shairi la mtu mmoja aliyejishika ubavu peke yake lingekuwa jambo geni kidogo. Angeuliza: na nchi je? Ni swali ambalo wakosoaji wa Kezilahabi wa miaka ya Ujamaa walimuuliza pia, kwa sauti kali zaidi.

Jibu langu liko kwenye "Kisu Mkononi". Msemaji wa shairi hilo anaona miaka yake ikiibwa mmoja mmoja, naye hawezi kusimama wala kupunguza mwendo. Anajiona kama gurudumu kwenye mteremko mkali. Niliwahi kulipita shairi hili mara nyingi nikiona kisu tu, maana kisu ndicho kinachotisha. Lakini soma tena ukiwa umekaa kwenye basi linaloshuka kwenda Mombo, kona baada ya kona, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine, utaona kwamba jambo la kutisha ni gurudumu. Linashuka na halisikii chochote. Kichomi ni cha anayepanda. Kinamlazimisha asimame, aweke mzigo chini, atazame alikotoka. Yule wa mteremkoni amekikosa kabisa, na kisu alichokishika nakisoma kama jaribio la kukitengeneza kwa mkono wake mwenyewe: ncha yoyote, mradi imsimamishe.

Kwa hiyo naona wanaokiita kitabu hiki cha kukata tamaa wamelisoma jina vibaya. Aliyekata tamaa hashikwi na kichomi, kwa sababu haendi popote.

Sisemi mashairi yote yanalistahili jina hilo. "Dhamiri Yangu", lenye mtu aliyefungwa na dhamiri yake kama mbuzi mtini, ni shairi zuri, lakini kwa vipimo nilivyovitumia hapa ni shairi la dhiki: kuna kamba, na kamba ina urefu wake. Sioni ubaya. Diwani si lazima itii jalada lake.

Kuna matumizi mengine ya neno hili ambayo darasa la fasihi huyaacha kwa watu wa afya, na ningependa tuyarudishe. Kwa watu wengi kichomi ni jina la ugonjwa, homa ya mapafu, ule unaoua watoto wadogo. Milimani kuna baridi, jiko la kuni liko ndani, na mama anaingia zahanati na mtoto mgongoni akisema, "Ana kichomi." Sasa angalia: mtoto wa miezi minane hajasema kwamba anachomwa. Hawezi. Mama ameona mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi, amehesabu pumzi kwa macho yake usiku kucha, na kutoka hapo ameamua kinachotendeka ndani ya kifua kisicho chake. Amelitumia neno la mtu wa kwanza kwa niaba ya mwingine. Akisema "ana maumivu" ataambiwa akae kwenye benchi asubiri zamu. Akisema kichomi, nesi mzuri anainuka na kumfunua mtoto kifua.