Sabuni Haina Haraka

Sabuni iliyotengenezwa kwa mkono husemwa vibaya kwa jambo moja: inaisha upesi. Mama wa Nyamirambo, Kigali, akinunua mche uliotengenezwa jikoni kwa mtu, ukageuka ute kwenye kisahani kabla ya wiki kwisha, hurudi kwenye sabuni ya kiwandani akiamini kwamba ufundi wa nyumbani ni wa kubahatisha. Hukumu hiyo inamwonea fundi hodari. Sabuni ya nyumbani hudumu ikipewa muda wake. Inayoyeyuka ovyo mara nyingi ni ile iliyouzwa mbichi.

Msingi uko kwenye mafuta, na hapo Kigali imebahatika: shahamu ya ng'ombe ipo buchani, na mawese yapo sokoni. Yote mawili hutoa sabuni ngumu. Mafuta ya nazi yana povu la kupendeza, lakini yakizidi sabuni huliwa na maji mara moja, ndiyo maana mjuzi huyatia kidogo. Thamani ya mawese kwa sabuni si habari mpya. Mwaka 1911 Ubelgiji ilimpa William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo, na jasho la watu walioshurutishwa likalisha viwanda vyake. Mali iliyotamaniwa kiasi hicho haistahili kuharibiwa leo kwa uzembe.

Kilo moja ya mawese huhitaji gramu 134 hivi za kostiki soda, mafuta kidogo yakiachwa bila kugeuka sabuni ili ngozi isikauke, pamoja na gramu 300 za maji. Kwa hiyo, katika mche mbichi, karibu sehemu moja ya tano ya uzito ni maji. Ukali wa soda huisha kwa siku moja au mbili, na wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa maji hayo hutoka polepole kwa wiki 4 hadi 6 huku sabuni ikijikaza ndani. Mtazame fundi anayejua: hupanga vipande kwenye chanja kivulini, kila kimoja na nafasi yake ya upepo, na kila baada ya siku chache huvigeuza. Kipande kibichi kikibonyezwa hubaki na alama ya dole gumba. Kilichokomaa hakibonyei, na viwili vikigonganishwa hulia kama vigae. Masika ya Machi hadi Mei hudai siku zaidi, kwa sababu gliserini, ambayo viwanda vingi huitoa na kuiuza kando, hubaki katika sabuni ya mkono na kuvuta unyevu wa hewa.

Yapo mapingamizi ya haki. Mtengenezaji mdogo hana mtaji wa kulaza kwa wiki sita. Ni kweli, lakini ugumu huo ni wa mzunguko wa kwanza: anayepika kila wiki, kuanzia wiki ya saba ana sabuni kavu ya kuuza kila wiki. Wengine husema chumvi kidogo kwenye maji ya soda inatosha badala ya kungoja. Chumvi huharakisha kuganda, ila haikaushi. Ikizidi, mche humeguka ukikatwa na povu hufifia. Na wapo wanaosema mnunuzi hutaka bei rahisi tu. Rahisi ghali: anayenunua sabuni mbichi kwa uzito amenunua maji, kisha hurudi dukani mapema kuliko jirani yake.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza katika marufuku hiyo vitu vya plastiki vya kutumika mara moja. Nchi iliyoweza kuacha mazoea mepesi namna hiyo haishindwi kusubiri sabuni ikauke. Hata hivyo, sifa za leo huenda kwa rangi, manukato na maumbo ya kalibu, na ni wachache wanaouliza sabuni ilipikwa lini. Swali hilo lisipoulizwa, anayesubiri hulipwa sawa na asiyesubiri, hadi naye achoke na kuuza mbichi. Baada yake watabaki wapishi wengi wa sabuni, na hatabaki wa kuwafundisha vijana kwamba kungoja nako ni kazi.